Mjomba Mwenye Vituko, Kabla Hajageuka Hadithi

Karibu kila ukoo una mtu ambaye jina lake likitajwa, watu hucheka kwanza ndipo waanze kusimulia. Mjomba aliyelala na viatu. Shangazi aliyezungumza na miti. Jirani aliyefagia njia ya watu wote usiku wa manane, halafu mchana hamsalimu mtu. Waliokua karibu nao huamini kwamba wanawakumbuka barabara, kwa kuwa wamewasimulia mara nyingi. Hapo ndipo penye kosa. Kila anayesimulia hupunguza hapa, huongeza pale, na baada ya miaka 30 mtu mzima mwenye mikono, kazi na maumivu yake huwa amebaki kituko kimoja na kicheko kimoja.

Makala haya ni kwa anayetaka kuwaweka watu hao kwenye karatasi wakiwa bado watu. Kazi hii ina zana zake na makosa yake, na sehemu kubwa hufanyika kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Anza na ramani. Tafuta karatasi kubwa, au gundisha mbili za A4, na utumie penseli. Chora nyumba uliyokulia na nyumba za jirani kama zilivyokuwa ulipokuwa na miaka 7 au 8. Weka milango kwanza, kuta baadaye, kwa maana mtoto huijua nyumba kwa milango yake: mlango aliouingia bila kubisha hodi, mlango aliopita akikimbia, mlango ambao hakuwahi kuuona wazi. Kisha madirisha, kisha njia ya kwenda shule, kona kwa kona. Jipe dakika 40 na usifute kitu. Penye shaka weka alama ya kuuliza, uendelee.

Ramani ina nguvu kwa sababu moja. Ukimuuliza mtu, “Unamkumbuka yule jirani?” atakupa hadithi ileile anayoitoa siku zote, imeshaiva, inangoja tu kupakuliwa. Ukimuuliza, “Ukiingia mlangoni kwake, mkono wa kushoto kulikuwa na nini?” hana jibu la akiba. Inambidi arudi mlangoni kwa mawazo, asimame, atazame. Katika miaka ya 1980 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ronald Fisher na Edward Geiselman, walitengeneza namna ya kuwahoji mashahidi wa uhalifu kwa msingi huohuo: shahidi huombwa kwanza arudi mahali pale kwa mawazo, mwanga ulivyokuwa, harufu, alivyokuwa akijisikia, kisha aseme kila kitu hata kama anakiona hakina maana, kisha asimulie kwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Walikuwa na hatua ya nne pia, ya kulitazama tukio kwa macho ya mtu mwingine. Hiyo mimi huiacha katika kumbukumbu za utotoni. Tukio la wiki iliyopita linaweza kuihimili. Tukio la miaka 30 nyuma litajazwa mambo ya kubuni, na baada ya mwezi hutajua lipi ulilibuni na lipi uliliona.

Kwenye ramani utagundua kosa la kwanza, nalo ni la vipimo. Mtoto wa miaka 6 ana urefu wa takriban sentimita 115. Meza ya kawaida, yenye sentimita 75, inamfika kifuani. Kwa hiyo yule jitu aliyejaza mlango huenda alikuwa mtu wa kimo cha wastani, na ua uliohitaji safari kuuvuka ulikuwa hatua 20. Umri nao hudanganya vivyo hivyo. Piga hesabu: “kikongwe” wa utoto wako, ukimwondolea miaka iliyopita tangu hapo, mara nyingi alikuwa na miaka 50 na kitu, pengine pungufu. Usikisahihishe kipimo cha mtoto kwa kukifuta. Andika vyote viwili, cha mtoto na cha hesabu, kwa kuwa utavihitaji vyote.

Baada ya ramani ni kadi. Kata karatasi ya A4 vipande 4. Kila kipande ni kadi moja, na kadi moja ibebe jambo moja tu. Kwenye kona ya juu andika herufi: N kwa nililoliona mwenyewe, S kwa nililolisikia likitokea chumba cha pili au ng’ambo ya ukuta, M kwa nililosimuliwa, P kwa lililotoka kwenye picha. Chini yake andika darasa ulilokuwa, hata kwa kukisia. Darasa ni bora kuliko mwaka, kwa sababu mtoto hahesabu miaka. Anajua mwalimu aliyekuwa naye, meno yaliyong’oka, mdogo wake aliyekuwa bado anatambaa. Mwisho weka tarehe ya leo, siku unapoiandika kadi.

Herufi hizo ndizo moyo wa kazi yote, na ukiwa mkweli utaona N nyingi zikigeuka M mikononi mwako. Kuna namna ya kuzipima. Kumbukumbu za mwanzo kabisa za watu wazima kwa wastani hurudi hadi umri wa miaka 3 au 3 na nusu. Ukiwa na picha safi ya siku ulipokuwa na mwaka mmoja, karibu kila mara mtu alikusimulia. Kisha jiulize unatazama kutoka wapi. Je, unamwona mjomba kwa macho yako, au unajiona na wewe mwenyewe umesimama kando yake kama mtu anayetazamwa kutoka mbali? Namna hii ya pili haimaanishi kwamba jambo halikutokea, ila ni dalili kwamba kumbukumbu imeshashikwashikwa na kupangwa upya.

Picha nazo ni za kuogopwa kidogo. Mwaka 2002 Kimberley Wade na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu 20 walionyeshwa picha ya utotoni iliyochezewa, ikiwaonyesha wakiwa ndani ya puto kubwa la hewa ya moto, safari ambayo hawakuwahi kuifanya. Baada ya mahojiano matatu, 10 kati yao walikuwa wakiikumbuka, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Kwa hiyo usifungue albamu kabla ya ramani na kadi za kwanza. Picha ije baadaye, ikusahihishe, isikuongoze.

Kadi za M hazitupwi. Ukoo ulivyomsimulia mtu ni sehemu ya maisha yake. Zikae tu kwenye bunda la peke yake.

Lugha yetu ina zana hapa ambayo wengi huitumia bila kuifikiria, nayo ni nyakati za vitenzi. “Alikuwa akitia saa ufunguo” na “alitia saa ufunguo” ni madai mawili tofauti. La kwanza ni mazoea, la pili ni siku moja. Mtoto huyachanganya pande zote mbili: aliloliona mara moja, likamtisha, hulikumbuka kama desturi, aliloliona mara 300 hulikumbuka kama siku moja ndefu. Kanuni ninayoishika ni hii: usiandike “alikuwa aki-” mpaka uweze kutaja mara 3 zilizo tofauti, ya mvua, ya jua, ya siku mgeni alipokuwepo. Ukipata mara moja tu, ni “-li-”, na linalofuata ni “-ka-”: alitoka, akasimama, akaufunga mlango, akaufungua tena. Mtu mwenye vituko hujulikana kwa mazoea yake, lakini mara nyingi hufahamika siku mazoea yalipokatika. Kadi za aina zote mbili zinahitajika, na zisichanganywe.

Chukua mfano wa mjomba wa saa. Familia inasema: alikuwa na saa 12 za ukutani, hakuna hata moja iliyolingana na mwenzake, na kutwa yupo anazitia ufunguo. Watu wanacheka, basi. Lakini hapo kuna madai yanayopimika. Saa nyingi za ukutani za springi hutengenezwa ziende siku 8 kwa kutiwa ufunguo mara moja. Siku ya 8 ni akiba, ili mwenyewe aitie siku ileile kila wiki na akichelewa kidogo isisimame. Zipo pia zinazokwenda kwa muda wa saa 30, ambazo hutiwa kila siku kwa hesabu hiyohiyo ya akiba. Kama zake zilikuwa za siku 8, hakuna saa hata moja iliyohitaji mkono wake kila siku. Ila akiwa nazo 12 na akizitia mbili kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi, mtoto aliyekwenda kwake karibu siku yoyote angemkuta na ufunguo mkononi. Hadithi inabaki kweli, na sasa ina sababu. Na kama alizitia zote kila siku, springi zikiwa bado zimejaa, hapo una jambo zito zaidi la kuuliza.

Halafu kutolingana kwake. Saa yenye kipande kinachoning’inia na kuyumba hurekebishwa kwa nati ndogo iliyo chini ya kipande hicho: ukiipandisha, kipande kinakuwa kifupi na saa inakwenda haraka, ukiishusha, inachelewa. Ni kazi ya vidole viwili. Basi mtu mwenye saa 12 zisizolingana ama hakuijua nati hiyo, ama aliijua na hakujali, ama alizitenganisha kwa makusudi, pengine ili zisigonge kwa pamoja. Hao ni watu watatu tofauti kabisa, na neno “kituko” limewafunika wote watatu kwa shuka moja. Rudi kwenye kadi zako za N. Uliwahi kuona vidole vyake chini ya saa? Ufunguo ulikaa wapi: ndani ya kasha la saa, mfukoni, shingoni kwa kamba? Alipomaliza aliweka sikio? Saa iliyoning’inizwa upande hutoa mlio usio sawa, tiki ndefu na taki fupi, kisha husimama. Fundi husikiliza hilo. Mtoto aliyemwona mjomba ameegemeza sikio ukutani akamwita mwehu huenda alikuwa akimtazama fundi kazini.

Ndiyo maana swali la maana kuliko yote kuhusu jirani yeyote wa ajabu ni: alifanya kazi gani, na kwa miaka mingapi? Mfikirie mama jirani aliyewapigia kelele watoto na asiyewajibu walipomwamkia. Ukigundua kwamba alifanya kazi miaka 20 kwenye mitambo, mambo yanabadilika. Kelele za desibeli 85 na zaidi, kwa muda wa saa 8 kila siku kwa miaka, huharibu usikivu, na kwa kawaida huanza na sauti nyembamba, karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde. Sauti nene za wanaume zinabaki. Sauti za watoto, na herufi kama “s” na “f”, ndizo zinazopotea. Mtu wa namna hiyo anasikia kwamba umesema, hasikii ulichosema. Anapaza sauti kwa kuwa haisikii vizuri sauti yake mwenyewe, anakasirika kwa kuwa anadhani mnanong’ona makusudi. Watoto wa mtaa mzima wakakua wakijua kwamba anawachukia.

Tahadhari moja hapa, na naisema kwa uzito. Kutafuta sababu si kutoa maradhi. Ni kweli kwamba baadhi ya watu wa utoto wetu waliitwa wenye vituko kwa sababu waliokuwa karibu nao hawakuwa na neno jingine. Matatizo ya akili yanayofuata kiwewe yaliingia kwa jina lake la sasa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu, na tatizo la kurundika vitu likapewa nafasi yake humo mwaka 2013. Lakini huwezi kumpima marehemu kwa kumbukumbu za mtoto wa miaka 8. Andika alichofanya: magazeti yaliyofika dirishani, njia nyembamba ya sentimita 40 kutoka mlangoni hadi kitandani, kamba zilizokatwa kwa urefu mmoja na kufungwa mafundo. Msomaji atajua. Ukitaja ugonjwa, msomaji ataacha kumtazama mtu na kuanza kutazama ugonjwa. Tena wapo ambao hawakuwa na ugonjwa wowote. Walikuwa na udadisi mwingi kuliko majirani zao, basi.

Sasa wahoji waliobaki. Wahoji ndugu zako mmojammoja, kabla hamjakaa pamoja, na hili usilikiuke. Mwaka 2003 Fiona Gabbert na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu waliangalia video za tukio moja zilizopigwa kutoka pande tofauti, kisha wakazungumza wawili wawili. Asilimia 71 ya waliozungumza walieleza angalau jambo moja ambalo hawakuliona wenyewe bali walilipata kwa mwenzao. Hao ni watu wasio na undugu, dakika chache baada ya tukio. Fikiria dada mkubwa mwenye sauti na miaka 30 katikati.

Simu inatosha kurekodi. Izime mtandao, iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni mwa msemaji, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isibebe mtikisiko wa meza. Zima feni na friji iliyo karibu. Sikio huzizoea, kinasa sauti hakizizoei. Rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo uanze. Ikiwa programu inaruhusu, chagua WAV (aina ya faili la sauti isiyobanwa), kilohezi 48, biti 24, mkondo mmoja (mono): itakula takriban MB 520 kwa saa, basi hakikisha nafasi ipo. Sema mwanzoni tarehe, mahali na waliomo chumbani. Dakika 60 hadi 90 zinatosha. Zaidi ya hapo mzee anachoka na anaanza kukupa majibu mafupi ya kukuridhisha. Kuandika maneno ya saa moja ya sauti kunachukua saa 4 hadi 6 kwa asiye na mazoea, kwa hiyo usirekodi vikao vitano kabla ya kuandika cha kwanza. Weka nakala 3, na moja ikae nyumba nyingine.

Swali bovu ni “Alikuwa mtu wa namna gani?” Litakuletea sifa tupu. Uliza, “Akiamka, kitu cha kwanza alichokishika ni nini?” Uliza, “Nani aliingia chumbani kwake?” Akinyamaza, hesabu kimyakimya hadi 10 kabla ya kusema neno. Mengi ya thamani hutoka kati ya 6 na 10.

Na kuna swali ambalo karibu kila mtu hulisahau: nani alimfulia? Nyuma ya mtu mwenye vituko aghalabu kulikuwa na mtu mwingine asiye na hadithi, mara nyingi mwanamke, aliyeokota vilivyotupwa, aliyewatuliza majirani, aliyekwenda kumtafuta usiku. Mke, dada, binti aliyechelewa kuondoka nyumbani. Watoto hawakumwona kwa sababu hakuwa akichekesha. Ukimpata angali hai, mpe kikao cha peke yake na usimwahidi kwamba mtazungumzia mwingine. Sijui jambo linalobadilisha picha ya mjomba kuliko saa moja na aliyekuwa akizifua shuka zake.

Picha za zamani utakazopewa ziandike nyuma kwa penseli laini, 2B au zaidi, karibu na ukingo, juu ya sehemu ngumu iliyo bapa. Kalamu ya wino hubonyeza alama inayoonekana mbele, na wino hupenya. Karatasi za picha za kisasa zenye utando wa plastiki hazishiki penseli. Hizo ziweke kwenye bahasha na uandike bahasha kabla ya kuitia picha. Unapozipitisha kwenye skana, nukta 600 kwa inchi zinatosha kwa picha ndogo.

Unapoandika, fanya hivi mara ya kwanza: piga marufuku “wa ajabu”, “kichaa”, “hamnazo”, “kituko” na ndugu zao wote. Utaona ni aya ngapi zinaporomoka, maana zilikuwa zimesimama juu ya maneno hayo. Zilizobaki wima ndizo zenye mtu ndani. Mwachie mtoto alichokijua na mtu mzima anachokijua, lakini usiwaache waseme kwa wakati mmoja katika sentensi moja. Mtoto aone sikio ukutani. Mtu mzima aje ukurasa mwingine na habari ya springi.

Wapo ambao vituko vyao havikuwa vya kuchekesha, waliopiga, walioshika pasipostahili kushikwa. Hao ukoo pia huwaita “wana mambo yao”, na neno hilo limewaficha vizuri sana. Kadi zao usizichanganye na za wengine, na usizifungue peke yako usiku. Awepo mtu unayemwamini.

Kwa walio hai, kubadili jina hakutoshi. Jirani hutambulikana kwa nyumba ya kona, watoto watano na mguu mmoja mfupi, hata ukimwita nani. Badili mawili kati ya hayo matatu, au mpelekee aya zinazomhusu azisome. Wengi wanaposomewa hawalalamikii siri. Wanalalamikia rangi ya mlango. Atakwambia haukuwa wa bluu, ulikuwa wa kijani, na aliupaka rangi yeye mwenyewe wiki aliyohamia. Usibishane. Chukua kadi mpya, andika “kijani, kwa kauli yake”, tarehe ya leo, na uifunge kwa klipu pamoja na ile ya bluu.